Riyadh na Jeddah Zinapoimba kwa Sauti ya Chini

Safari ya muziki ninaouzungumzia hapa inaanzia Oman ya karne ya 18, kwa mtawala ambaye leo beti zake zinakumbukwa kuliko hukumu zake. Imamu Said bin Ahmad wa ukoo wa Busaidi alishika uimamu mwaka 1783 baada ya kufariki baba yake. Haukupita muda mrefu Muscat ikawa mikononi mwa mwanawe Hamad, kisha mikononi mwa Sultan, ndugu wa Imamu huyo, naye Imamu akabaki Rustaq na cheo chake. Msomaji wa Unguja au Mombasa ameshaanza kuwatambua watu hawa: Sultan huyo ndiye baba yake Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Yaani ni baba mkubwa wa Seyyid Said anayenasibishwa na Ya Man Hawah, shairi la mapenzi ambalo vijana wa Jeddah wanalijua kwa ghibu.

Waimbaji wa Ghuba walilirithi wakaliimba kwa udi, kizazi baada ya kizazi. Katika muongo wa 2010 likamfikia kijana wa Jeddah, Abdulrahman Mohammed, naye akaliimba polepole, kwa ala chache, mdomo umekaribia kipaza sauti kiasi kwamba pumzi yake inasikika. Alikuwa na YouTube, na hiyo ikamtosha. Alichukua mashairi ya Kiarabu fasihi, mengine ya kale sana, ambayo wanafunzi walizoea kuyakariri kwa ajili ya mtihani, akayarudisha midomoni mwa watu. Ya Man Hawah na Asabaka Ishq zimesikilizwa mara mamilioni kwa mamilioni. Nimezikuta hata kwenye simu za vijana wa Forodhani wasiojua Kiarabu zaidi ya kile cha chuoni.

Huo ndio muziki niupendao kuliko wowote: wa mtu anayejiandalia nyimbo zake, anayejirekodi na kujisambazia mwenyewe, asiyemsubiri mwenye kampuni amkubalie. Una tabia moja ambayo nimeithibitisha kila nilikousikiliza. Umeumbwa kwa ajili ya chumba. Ukiupeleka uwanjani unapungua, kwa sababu nusu ya utamu wake uko katika vitu ambavyo spika kubwa zinavimeza: kidole kinachoteleza juu ya uzi, neno linalosemwa badala ya kuimbwa, kimya kabla ya beti la mwisho. Kwa hiyo nilipofika Saudi Arabia kikazi nilitia nia ya kumsikia ana kwa ana binti mmoja wa Jeddah ambaye nilikuwa nimemfuatilia muda mrefu kwenye simu. Jina lake silitaji. Mchana ana kazi ya ofisini, nyimbo zake anatunga usiku, na aliniomba tuyaache mambo hayo mawili yasikutane gazetini.

Alikuwa anatumbuiza kwenye mkahawa mmoja kando ya Al-Balad, mji wa kale wa Jeddah. Yeyote aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atatembea Al-Balad bila kuuliza njia. Nyumba ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa baharini, vichochoro vinapinda kufuata kivuli, na juu yake zimetokeza roshani za mbao zilizochongwa, wenyewe wanaziita rawashin, ambazo wanawake wa zamani waliketi nyuma yake wakapata upepo na kuona njia bila kuonekana. UNESCO iliuorodhesha mji huo mwaka 2014, miaka 14 baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni bahari moja iliyojenga miji hii, na ni mahujaji na mabaharia wale wale walioijaza.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya mbao, zulia mbele badala ya jukwaa, na nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe ili mtu asijikwae. Kahawa ya Kiarabu ilikuwa inapita, ile nyepesi yenye rangi ya dhahabu na harufu ya iliki, pamoja na tende. Pombe hakuna, na sikuona mtu yeyote aliyeonekana kuikosa. Wapiga ala walikuwa wanajaribu sauti zao ilipoadhiniwa Isha. Spika zikazimwa mara moja. Kanuni za adabu za hadharani zilizotangazwa mwaka 2019 zinahesabu kupiga muziki wakati wa sala kuwa kosa, lakini pale hapakuhitajika kanuni. Watu walikwenda kuswali, wengine wakakaa kimya na vikombe vyao, kisha usiku ukaanza.

Binti alikaa kwenye kiti kirefu, gitaa pajani. Kushoto kwake alikuwa kijana mpiga udi, na huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo rekodi haikuwahi kuniambia. Kila wimbo ulipokwisha aliinamisha kichwa, akakaribisha sikio kwenye shingo ya udi na kuanza kukaza na kulegeza nyuzi zake 11, moja moja, akizigusa kwa risha kidogo tu. Nilipomuuliza baadaye alisema siku chache kabla walikuwa Riyadh. Hewa ya kule ni kavu, mbao zinajikunja. Jeddah ni pwani, unyevunyevu unaingia kila mlango unapofunguliwa, mbao zinavimba, na udi uliokuwa sawa saa moja jioni unakuwa umepotoka saa mbili. Mpiga udi anayekwenda na kurudi kati ya miji hii miwili, umbali wa karibu kilomita 950, anakuwa na ala mbili ndani ya moja.

Katika nafasi hizo za kulinganisha nyuzi ndipo binti alipokuwa anazungumza. Alieleza wimbo unaofuata ulitoka wapi, akamtania rafiki yake aliyekaa mstari wa mbele, akaomba feni moja ihamishwe. Wimbo uliomgusa kila mtu ulihusu mtaa wa bibi yake. Mtaa haupo tena. Tangu mwishoni mwa 2021 Jeddah ilibomoa makumi ya mitaa ya zamani, hasa kusini na katikati ya mji, ili kupisha ujenzi mpya, na wengi waliokuwa wakiishi katika mitaa kama Ghulail na Karantina walikuwa watu wa kipato cha chini, wakiwemo familia za Kiafrika na za Kiyemeni zilizokaa hapo tangu enzi za mababu. Wimbo haukumlaumu mtu. Ulitaja duka la kona, ngazi iliyokuwa na kidato kimoja kilichovunjika, na jina alilokuwa akiitwa na jirani. Mzee mmoja aliyevaa thobe nyeupe alitoa kitambaa mfukoni akafuta macho bila kujificha.

Kulia kwangu alikaa dada mmoja wa Likoni, muuguzi, ambaye nilimtambua kwa namna alivyosema “pole, kaka” aliponikanyaga kiatu. Tulizungumza Kiswahili kwa kunong'ona. Binti alipoanza Ya Man Hawah, wimbo pekee usio wake usiku ule, dada yule alinishika mkono.

“Kaka, hii si ndiyo ile wanayoipiga harusini kwetu?”

“Si hii yenyewe,” nikamwambia, “lakini ni jamaa zake.”

“Basi mimi leo niko nyumbani,” akasema, akaanza kuifuata kwa kichwa.

Watu waliimba pamoja naye, wote, chumba kizima, kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa kuifunika yake. Katika taarabu yetu msikilizaji aliyeguswa husimama, akaenda mbele akamtunza mwimbaji, na huko kutunza ni sehemu ya wimbo. Jeddah hapakuwa na kutunza. Anayeguswa hubaki alipo akasema “Allah!” kwa kuvuta, na mwimbaji akisikia hivyo hulirudia beti kwa mzunguko mwingine. Nilihesabu beti moja likirudiwa mpaka nikaacha kuhesabu. Kwenye rekodi lile beti linapita mara moja tu.

Haifai kusimulia habari hizi kana kwamba Wasaudi walianza kuimba jana. Hijazi imekuwa nchi ya waimbaji muda wote. Makka na Jeddah zina majass, uimbaji wa sauti peke yake unaofungua sherehe. Yanbu kuna kasra, mashairi mafupi ya kujibizana yanayopigiwa simsimiyya, ala ambayo mwaka 2024 Misri na Saudi Arabia ziliiingiza kwa pamoja katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika. Simsimiyya ni jamaa wa tanbura ya Sudani, na ukiitazama vizuri, mikono miwili, boriti juu na nyuzi zikishuka kwenye kisanduku, utaona ni jamaa pia wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Tariq Abdulhakim, mwanajeshi aliyekuwa mtunzi, aliufundisha Ufalme huu kuandika muziki wake. Talal Maddah, mzaliwa wa Makka, aliupeleka katika kila nyumba yenye redio, na tarehe 11 Agosti 2000 alifia jukwaani Abha, udi mkononi, huku televisheni ikirusha moja kwa moja.

Wanawake walikuwepo. Toha wa Jeddah aliimba harusini. Ibtisam Lutfi, asiyeona, alisikika redioni. Etab, binti mweusi aliyezaliwa Riyadh mwaka 1947, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kisaudi kupata umaarufu mkubwa wa kuimba. Baadaye alihamia Cairo na huko ndiko alikofariki mwaka 2007. Jina la ukoo wake lilikuwa Hawsawi, jina wanalobeba Wasaudi ambao mababu zao walitoka nchi za Wahausa kwenda kuhiji wakabaki. Hamza Hawsawi wa Jeddah, aliyeshinda shindano la X Factor la Kiarabu mwaka 2015, analo jina hilo hilo. Na katika harusi za Najd, eneo la kati la nchi, kwa vizazi, waliokuwa wakiwachezesha wanawake usiku kucha ni bendi za wanawake wapiga dufu, wengi wao wenye asili ya Afrika. Mtu akikuambia muziki wa Saudi Arabia ni wa Waarabu watupu, mpe orodha hii.

Kilichotokea ni kwamba mlango ulifungwa. Novemba 1979 watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka, na baada ya kuwashinda, serikali iliwaachia wahafidhina nafasi kubwa mno katika maisha ya kila siku. Sauti za wanawake zikatoweka kwenye televisheni, sinema zikafungwa, maonesho ya hadhara yakawa machache, na Riyadh ndiyo iliyobanwa kuliko Jeddah. Muziki ukahamia ndani. Wanaume wa Riyadh walikodi istiraha, nyumba za mapumziko nje ya mji zenye ua na ukuta mrefu, wakakaa chini na udi mpaka alfajiri. Wageni walipiga muziki ndani ya makazi yao yaliyozungushiwa uzio na kwenye bustani za balozi. Mwaka 2008 wasichana wanne wa Jeddah waliunda bendi ya roki iliyoitwa Accolade, wakatoa wimbo wao Pinocchio kwenye intaneti, ukapakuliwa na mamia ya vijana. Wao wenyewe hawakuweza kupanda jukwaa lolote la hadhara, walifanya mazoezi nyumbani. Mwaka 2013 Alaa Wardi, aliyekulia Riyadh, alishirikiana na mchekeshaji Hisham Fageeh katika wimbo kuhusu wanawake kukatazwa kuendesha gari. Ulipigwa kwa midomo na viganja tu, na ukazunguka dunia nzima ndani ya siku chache.

Historia hii ni muhimu kwa anayetaka kuelewa ule ukimya wa heshima nilioukuta kwenye mkahawa. Waliokaa pale, hasa waliozidi miaka 30, wamekulia katika nchi ambayo jambo walilokuwa wakilifanya, wanaume na wanawake ndani ya chumba kimoja wakimsikiliza mwanamke akiimba, lilikuwa haliwezekani.

Mlango ulifunguliwa kwa amri, na ulifunguliwa haraka. Aprili 2016 polisi wa dini walinyang'anywa uwezo wa kukamata watu, na mwezi Mei ikaundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Januari 2017 mwimbaji Mohammed Abdu aliimba Jeddah, na Machi mwaka huo huo akaimba Riyadh, mji uliokuwa haujaona tamasha la hadhara la namna hiyo kwa zaidi ya miongo miwili. Desemba 2017 Hiba Tawaji wa Lebanon akaimba Riyadh mbele ya wanawake watupu. Mwaka 2019 mamlaka ikatangaza kwamba mikahawa na migahawa inaweza kupewa leseni ya muziki wa moja kwa moja, na mimi naiona hatua hiyo kuwa kubwa kuliko matamasha yote yaliyotangulia, kwa kuwa tamasha huja likaondoka, lakini mkahawa wenye leseni upo kila wiki. Mwaka 2020 Wizara ya Utamaduni ikaunda Kamisheni ya Muziki.

Wale wale waliofungua walifunga mambo mengine. Mei 2018, wiki chache kabla wanawake hawajaanza kuendesha gari kisheria, wanawake waliokuwa wamepigania haki hiyo kwa miaka walikamatwa. Anayetunga nyimbo Riyadh au Jeddah anaishi ndani ya ukweli huo. Ndiyo maana nyimbo nilizozisikia zinahusu mapenzi, mama, kuondoka, kurudi, mtaa uliobomolewa bila kumtaja aliyebomoa. Wasikilizaji wa pwani yetu tuna uzoefu wa kusikiliza namna hiyo. Taarabu imetufundisha kwamba mafumbo hufika mbali.

Halafu kuna majukwaa makubwa. Desemba kila mwaka kampuni ya MDLBEAST huandaa Soundstorm nje ya Riyadh, na mwaka 2021 waandaaji walisema watu zaidi ya 700,000 walihudhuria kwa siku nne. Nyota wa dunia huletwa kwa ndege na kulipwa vizuri. Sina ugomvi na vijana wanaokwenda kucheza mpaka asubuhi. Wana haki yao, na wamesubiri muda mrefu. Lakini nasema wazi kwamba si huko anakotengenezwa mwimbaji. Mwimbaji anatengenezwa pale anapoimba wimbo ambao haujakamilika, mbele ya watu anaoweza kuwaona macho yao, akagundua beti la tatu linawachosha, akaenda nyumbani akalikata. Mishaal Tamer, mzaliwa wa Jeddah anayeandika nyimbo zake mwenyewe na aliyetoa albamu yake Home Is Changing mwaka 2024, alijifunza gitaa kwa kutazama video chumbani. Waliokuja nyuma yake wana bahati ya kuwa na vyumba vingine zaidi ya chao.

Riyadh imejenga vyumba vyake kwa namna yake. Mji ni mpana, wa barabara kuu na magari, na hata metro yenye njia sita iliyoanza kufunguliwa Desemba 2024 haiwezi kukufikisha kila unapotaka. Muziki mdogo umejikusanya zaidi Diriyah, katika mtaa wa JAX, maghala ya viwanda vya zamani yaliyogeuzwa studio za wachoraji, wapiga picha na wanamuziki. Waliowahi kufika Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, wataielewa hali yake. Unaingia kwenye ghala, saruji chini, bati juu, na ndani kuna mtu ana spika mbili na jambo la kusema. Kutoka Riyadh wamejitokeza Seera, bendi ya wanawake inayopiga roki yenye mawimbi marefu ya gitaa kwa maneno ya Kiarabu. Usiku niliokwenda mimi walikuwa vijana watatu wasio na jina kubwa, na mmoja alikuwa anaimba lahaja ya Najd juu ya gitaa la umeme kwa uzito ambao sijausikia kwingine. Sauti yake ilikuwa inagonga bati ikarudi. Kwa masikio yangu Jeddah ina utamu zaidi, labda kwa sababu ya pwani, lakini Riyadh ina njaa zaidi. Watu wa Riyadh walibaki baada ya wimbo wa mwisho, wakakaa sakafuni wakauliza maswali ya mashairi mpaka wenye ghala wakaanza kukunja viti.

Ninapoyaona haya siachi kuwafikiria waimbaji wetu. Zanzibar ina Dhow Countries Music Academy, ambayo imekuwa ikifundisha udi, kanuni na fidla tangu 2002, na humo amepita Siti Amina, mwanamke apigaye udi na kuandika nyimbo zake, aliyetoa albamu ya Fusing the Roots na bendi yake mwaka 2018. Nikamwonesha binti wa Jeddah video yake moja baada ya onesho. Aliitazama mpaka mwisho, akairudia, akamwita mpiga udi wake aione mikono. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Siti Amina amewahi kualikwa Jeddah. Kwa karne nyingi muziki ulivuka bahari hii bila kualikwa na mtu. Katika Jimbo la Mashariki la Saudi Arabia, kama ilivyo Bahrain, Kuwait, Falme za Kiarabu na Oman, bado kuna ngoma ya liwa, ya zumari na ngoma kubwa, iliyoletwa na watu waliotoka pwani yetu, wengi wao utumwani, na ndani ya nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya wanaoyaimba hawayaelewi tena. Wenye sherehe za utamaduni huko wanapenda kuionesha liwa kama kumbukumbu ya zamani. Mimi ningependa kumwona Mswahili wa leo, aliye hai, na wimbo aliouandika mwezi uliopita, amekaa kwenye kile kiti kirefu.

Kuna jambo jingine ambalo dada wa Likoni alilisema tulipokuwa tunatoka, nami sijaweza kuliweka kando. Yeye ni muuguzi, ana zamu zake na siku zake za kupumzika, kwa hiyo anaweza kuja. Alitaja jirani yake wa nyumbani, msaidizi wa ndani katika mtaa usio mbali na mkahawa ule, mwenye sauti nzuri ya kasida kuliko wote aliowahi kuwasikia Likoni. Huyo hajawahi kuja. “Hana Ijumaa,” alisema. Makumi ya maelfu ya wanawake wa Kenya na Uganda wanafanya kazi za nyumbani katika Ufalme huu. Kanuni za nchi zinampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki, na wengi sana hawaipati siku hiyo, au wanaipata wakiwa ndani ya nyumba ile ile wanamofanyia kazi. Serikali za Nairobi na Kampala zinapozungumza na Riyadh kuhusu mishahara na pasipoti, ziiweke siku hii mezani pamoja na hayo, na ziisimamie. Mtu mwenye siku yake hupumzika, huswali katika msikiti anaoupenda, huonana na wenzake, na akitaka huenda kusikiliza udi.

Kwa walioko huko na wanaoipata hiyo siku: maonesho haya hutangazwa kwenye kurasa za Instagram za waimbaji na za mikahawa yenyewe, mara nyingi siku tatu nne tu kabla, na kiingilio hununuliwa kwa simu. Wikendi ya Saudi Arabia ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi usiku ndio wenye nafasi nyingi zaidi. Muziki huanza baada ya Isha. Fika kabla, kaa mbele, upande wa mpiga udi.